UZI: Bela, mbwa wa polisi wa Nakuru aliyestaafu pamoja na baba yangu

Binti wa Afande (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Mimi humu ni msomaji zaidi ya mwandishi, ila leo nina jambo na ni refu, mnivumilie.

Baba yangu alikuwa polisi Nakuru, upande wa mbwa. Sasa amestaafu, yuko Kimilili analima mahindi na maharagwe. Wiki jana nilikuwa nyumbani tukihamisha vitu kwa sababu paa la chumba chake limeanza kuvuja. Chini ya kitanda nikavuta sanduku la bati, lile alilotoka nalo chuo cha polisi cha Kiganjo akiwa kuruti, namba yake bado imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na barua zake, mkanda wa ngozi wa shingoni uliokakamaa, na brashi. Brashi imejaa manyoya. Nikaanza kuyanyofoa niisafishe, akaniambia, "Iache hivyo." Kisha akaendelea kupanga viti.

Manyoya hayo ni ya Bela. Alikuwa mbwa jike, German Shepherd, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya chai ya maziwa. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo dogo kwenye ncha, seng'enge ya Subukia ilimkata usiku wakifuata ng'ombe walioibwa. Alifanya kazi na baba miaka saba, akaishi nasi nyumbani mitatu na miezi. Baba ana cheti chake cha utumishi kimefungwa kwenye fremu. Bela hana karatasi yoyote nyumbani kwetu yenye jina lake ila kadi ya chanjo. Ndiyo maana naandika.

Tulikaa laini ya polisi, nyumba ya bati ya mviringo, pazia katikati, sisi watoto upande huu na wazazi upande ule. Baba alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri, mvua au baridi, hata siku asizokuwa zamu. Mama alikuwa akisema huyu bwana ana mke wa pili kule bandani, na hakuwa amekasirika akisema hivyo. Siku moja ya Jumapili nilimng'ang'ania anipeleke nione anachokifanya huko.

Alichofanya ni hiki. Alifungua mlango wa banda, hakusema kitu, akachuchumaa. Bela akatoka taratibu akampa kichwa. Baba akamfunua midomo, akatazama fizi. Akamwinua mguu mmoja mmoja, akapitisha kidole gumba kati ya vidole vyake akitafuta mwiba au kupe. Akanusa masikio. Ndiyo, alinusa masikio ya mbwa kama vile mama anavyonusa maziwa kujua kama yameharibika. Halafu brashi, kutoka shingoni hadi mkiani, upande mmoja kisha wa pili. Nusu saa nzima na hakuna aliyetoa sauti. Sijawahi kumwona baba ametulia hivyo mahali popote, hata kanisani.

Amri za kazi zilikuwa za Kiingereza. Lakini baba alimfundisha neno moja la kwetu: mulembe. Kwetu Bukusu hiyo ni salamu, ni amani. Kwa Bela maana yake ilikuwa kazi imekwisha. Alipolisikia mwili wote ulikuwa ukibadilika mbele ya macho yako, masikio yanalegea, mkia unaanza, anakwenda kutafuta mpira wake wa tenisi uliochakaa. Mtu mwingine akilisema hageuki. Mimi nilijaribu mara nyingi.

Nitaendelea kesho na habari ya mzee wa Menengai. Kama kuna aliyewahi kufanya kazi hiyo au mwenye mzazi aliyeifanya, karibu uandike.

Mzee wa Lanet

Umenikumbusha mbali binti yangu. Maonyesho ya kilimo ya Nakuru, sisi tulikuwa tukienda kwa mambo mawili: ng'ombe wa maziwa na mbwa wa polisi kwenye uwanja mkubwa. Askari mmoja anavaa lile koti nene la magunia, anakimbia, mbwa anaachiliwa. Uwanja wote unasimama. Kisha jina la mbwa linaitwa mara moja tu, na anaachia mkono wa yule mtu pale pale. Watu walishangilia kuuma. Mimi nilishangaa kuachia. Endelea, nakusoma.

Kijana wa Kondele

Kwa heshima dada, sitaki kukuharibia uzi. Mimi nimekulia Kondele, Kisumu. Kwetu ukiona mbwa mkubwa na kamba fupi, unakimbia kwanza ndipo unauliza. Hata sasa nikisikia kubweka kwa namna ile tumbo linakaza. Sisemi usimkumbuke. Nasema tu si wote tunaomkumbuka mbwa wa polisi kwa brashi na mpira. Na kuna nyumba ambazo watoto wamelala njaa leo huku tukimlilia mbwa aliyekula nyama.

Mjukuu wa Elburgon

Naungana na wa Kondele kidogo. Babu yangu alikuwa kijana wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakoloni walitumia mbwa kufuata nyayo za wapiganaji wa Mau Mau msituni. Mpaka anazeeka hakukubali mbwa aingie boma lake, wala hakukubali tuvuke mto bila kutembea kidogo ndani ya maji kwanza, kuificha harufu. Miaka ya 1990 hiyo! Sisi watoto tulidhani ni mchezo wake. Kikosi chenyewe cha mbwa cha Polisi ya Kenya kilianza 1948, miaka minne tu kabla ya hapo, kwa hiyo kwa watu wa rika lake mbwa wa polisi na vita viliingia pamoja.

Binti wa Afande

Kijana wa Kondele, na wewe Mjukuu, asanteni kwa kusema. Sikuona kama mmeharibu. Nilimpigia baba simu jana usiku nikamsomea yote neno kwa neno. Alinyamaza kidogo akasema: "Mwambie huyo kijana ana haki. Mbwa hajui sheria. Anakwenda anakopelekwa na mwenye kamba." Kuhusu nyama, anasema chakula cha Bela nyumbani kilikuwa ugali, omena na mifupa ya supu, na hakuna mtoto aliyepita pale kwetu saa ya chakula asipewe. Hilo la pili naweza kulishuhudia mwenyewe kwa kuwa nilikuwa naosha sahani.

Sasa mzee wa Menengai.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Mtaa mmoja ulio chini ya mlima Menengai alipotea mzee wa zaidi ya miaka themanini, kumbukumbu zimeondoka. Alitoka jioni watu wakidhani anakwenda msalani. Majirani walimtafuta usiku kucha kwa tochi, wakaingia kila kichaka, wakaita jina lake. Kwa nia njema, lakini kufikia alfajiri eneo lote lilikuwa limekanyagwa kama njia ya sokoni. Polisi waliitwa ndipo baba akaja na Bela. Wakapewa foronya ya mzee, akanusishwa.

Langoni Bela alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Harufu za watu hamsini zilikuwa pale. Mwana wa mzee akaanza kusema huyu mbwa hana kitu. Baba hakubishana. Alimwondoa langoni kabisa, akatembea naye duara kubwa nje ya ua, mbali na watu walikokanyaga, kwenye nyasi zenye umande. Nyuma ya shimo la takataka Bela akashusha pua na kamba ikakaza. Baba anasema kamba ikikaza hivyo unaisikia mpaka kwenye bega.

Wakapita shamba la mikalitusi, wakapanda. Kule juu ni vichaka vya leleshwa tupu. Wanaoijua leleshwa wanajua inavyonuka, kama kafuri, ukiipangusa tu nguo zinanuka siku nzima. Baba aliogopa hapo. Lakini Bela aliinua kichwa kutoka ardhini, akasimama, pua juu, akaanza kufuata hewa badala ya nyayo. Mita mia mbili hivi mbele, chini ya jiwe, mzee alikuwa amekaa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Alikuwa amefunzwa kubweka akimpata mtu. Hakubweka. Alikwenda akalala kando yake, akaweka kidevu juu ya goti la mzee. Mzee akamshika kichwa akamwita kwa jina lingine, pengine la mbwa wa ujana wake, akamuuliza mbona amechelewa kurudisha mbuzi.

Baba alingoja kabla ya kutoa redio. Halafu akasema mulembe, lakini Bela hakwenda kutafuta mpira. Alibaki pale pale mpaka mzee alipoinuliwa. Baba anasema ni mara moja tu katika miaka saba aliyolikataa neno lile.

Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni daktari wa mifugo, natembea Rongai na Njoro. Hadithi yako ni sahihi kabisa kwa jinsi pua ile inavyofanya kazi, nami nitaongeza kidogo. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna kama milioni 5. Akinusa kwa bidii anavuta hewa mara tano hivi kwa sekunde moja, na hewa anayoitoa inapitia vile vipasuo vya kando ya pua ili isiipeperushe harufu iliyo mbele yake. Mtazame kwa karibu siku moja utaviona, vimepinda kama alama ya mkato.

Umande ulimsaidia. Ardhi ikiwa baridi na mbichi harufu inakaa chini, jua likipanda inapotea. Kwa hiyo wadau, mtu wenu akipotea au mkiibiwa, zuieni watu wasikanyage, na msingoje mpaka saa nne ndipo mkaripoti. Duara aliloenda baba yako ndiyo kazi yenyewe. Mbwa yeyote mzuri ana pua. Askari anayejua lini amwondoe langoni, hao si wengi.

Swali: nyonga zilikuwaje uzeeni? Aina hiyo wengi huishia hapo.

Wakili Kisumu

Naomba niongeze la mahakamani, kwa kuwa Kijana wa Kondele amegusa jambo la haki. Mbwa kufuata harufu mpaka akasimama mlangoni kwako si hukumu. Kesi ya Omondi ya mwaka 1967 inatajwa hadi leo: ushahidi wa mbwa unapokewa kwa tahadhari kubwa, na kwanza mahakama ielezwe mbwa amefunzwa vipi, amekuwa wa kutegemewa kiasi gani, na askari wake ana uzoefu gani naye. Yaani hata sheria haimtazami mbwa peke yake. Inawatazama wawili. Nilisoma kesi hiyo chuoni kama kanuni kavu, leo nimeielewa kwa namna nyingine.

Koplo Mstaafu

Dada, nimesoma uzi huu mara tatu. Nilifanya kazi hiyo, sitasema wapi. Mbwa wangu alikuwa dume.

Watu hudhani tunawatawala kwa sauti. Ni kamba. Kila kilicho moyoni mwako kinashuka kwenye mkono, kinapita kwenye kamba, kinaingia shingoni mwake. Siku niliyopata habari kwamba mama amelazwa nilikwenda kazini bila kumwambia mtu. Tulikuwa tukipekua mizigo stendi. Mbwa wangu alifanya mifuko mitatu akakaa chini akanitazama. Mkubwa wangu akauliza mbwa ana nini. Nikamjibu mbwa hana kitu afande, ni mimi.

Nilipohamishwa aliachiwa mwingine. Niliambiwa alikaa siku mbili hali chakula. Sikuenda kumtazama kwa sababu wakubwa kazini walisema kwenda kwangu kungemchanganya mtu mpya, na labda walikuwa sahihi. Sijui. Nina miaka kumi nikijiuliza.

Mwulize mzee jambo moja kama hataona vibaya: siku ya mwisho alimwambia lile neno?

Binti wa Afande

Koplo, pole sana. Swali lako nimelibeba, nitamuuliza nikifika nyumbani Jumamosi, si la kuuliza kwa simu.

Daktari, ndiyo, zilikuwa nyonga. Ilianza kwa kuruka kwenye Land Rover. Aliweka miguu ya mbele halafu ya nyuma ikakataa. Baba akaanza kumwinua. Alikuwa akiegesha gari kwa namna ambayo mlango wa nyuma unatazama ukuta, asionekane akimwinua. Miezi kadhaa hivyo. Mbwa akionekana hawezi anaondolewa kazini, na baba alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu, akataka watoke pamoja. Sikulijua hilo wakati ule. Mama ndiye aliyeniambia, naye alijua kwa sababu ya mgongo, kila jioni alikuwa akimkanda kwa mafuta ya moto.

Baba aliandika barua kuomba abaki naye. Aliiandika mara nne kwa mkono, mimi nikamsaidia na kistari na nukta. Jibu likaja kwamba amekubaliwa. Baba yangu hachezi, wala sherehe za harusi, ila siku hiyo alitoka nje akasimama uani akavua kofia akaivaa tena, akavua akaivaa tena.

Safari ya kurudi Kimilili ilikuwa na mambo yake. Matatu hazikumtaka, makanga wanasema abiria watashuka. Mwishowe tukapata kanta, lori dogo, iliyopeleka viazi vya Molo sokoni Chwele. Mama na mimi mbele, baba na Bela nyuma juu ya magunia. Timboroa baridi ilikuwa ya kukata, dereva akasimama tunywe chai, nikapanda kuwatazama. Baba alikuwa amevaa shati. Lile koti kubwa la kazi, zito, la kurudishwa lakini aliruhusiwa kubaki nalo, lilikuwa limemfunika Bela mpaka masikioni.

Baada ya Turbo kulikuwa na kizuizi cha polisi. Kanta iliyotutangulia ilikuwa inapekuliwa. Bela, ambaye tangu Eldoret alikuwa amelala, akasikia sauti za pale na kuona sare, akasimama. Miguu ya nyuma inatetemeka, lakini alisimama, kifua mbele, akamtazama baba akingoja amri. Yule askari kijana akaangaza tochi juu ya magunia akamwona mzee na mbwa wamesimama hivyo. Baba akamtajia namba yake na cheo chake. Kijana akapiga saluti, hakupekua. Baba akasema mulembe. Bela akalala juu ya viazi.

Mama Leicester

Nimelia kwenye basi nikitoka zamu, watu wananitazama.

Huku Uingereza kuna mbwa wa polisi aliyeitwa Finn, alichomwa kisu mwaka 2016 akiwa na askari wake wakimfukuza mhalifu. Aliumizwa kifuani na kichwani, akafanyiwa upasuaji, akapona. Askari wake hakukubali kwamba kisheria mbwa ahesabiwe kama mali iliyoharibiwa, kama kioo cha gari tu. Alizunguka nchi nzima na mwaka 2019 sheria ikabadilishwa. Na polisi wa Nottinghamshire mwaka 2013 walianza kuwapa mbwa wastaafu pauni 500 kwa mwaka kwa miaka mitatu, za matibabu. Marekani nako mpaka mwaka 2000 ndipo sheria ilipowaruhusu askari na watu wengine kuwachukua mbwa wa jeshi waliostaafu. Wale waliotumika Vietnam wengi waliachwa kule kule vita vilipoisha.

Sisemi tuige kila kitu. Lakini pauni 500 za nyonga za mbwa si anasa. Baba yako dawa alitoa wapi?

Binti wa Afande

Alitoa kwenye pensheni yake. Mwaka wa kwanza alikodisha robo eka kwa jirani, hakusema ni ya nini.

Nami naona, na hapa nasema kwa mdomo wangu si wa baba, kwamba askari anayekubali kuzeeka na mbwa wake hastahili kuachiwa gharama peke yake. Chanjo, dawa ya kupe, daktari mara mbili kwa mwaka. Si fedha nyingi kwa serikali. Kwa mstaafu ni karo ya mtoto.

Daktari wa Ng'ombe

Naunga mkono. Na kwa wenye mbwa wazee humu: msiwape dawa zenu za maumivu. Ibuprofen na panadol zinaweza kuua mbwa, nimeshazika wengi walioponywa kwa upendo wa namna hiyo. Punguza uzito wake, mtandikie mahali pakavu, mwite daktari.

Kijana wa Kondele

Nimerudi. Hiyo ya kizuizini imenikaa. Dada, watu wa kijijini walimpokeaje?

Binti wa Afande

Kwa hofu, ndugu yangu, kama wewe. Kukhu, mama yake baba, alisema mbwa wa serikali hatalala kwake. Watoto walikuwa wakimrushia mawe kutoka njiani kisha wanakimbia. Bela hakujibu. Alikuwa akilitazama jiwe linapoanguka, basi.

Kilichobadilisha ni chanjo. Baba alizoea kwamba mbwa anachanjwa kila mwaka bila mjadala, kijijini akakuta mbwa wengi hawajawahi kuona sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, huyo mtu kwa kawaida haponi. Ninyi wa Kisumu na Siaya mnalijua hili kwa kuwa ule mpango wa taifa wa 2014, wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, ulianzia kaunti tano na zenu zikiwemo. Lengo ni mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Basi baba akapita nyumba kwa nyumba na Bela akichechemea kando yake, akiwaonyesha watu ile kadi. Siku ya daktari kufika, uwanja wa shule ulijaa watoto, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba ya katani, wengine wamewabeba mgongoni kama wadogo zao. Mbwa wanapigana, wanalia, vurugu. Bela akawekwa wa kwanza. Akakaa, akatoa bega, sindano ikaingia, hakutikisika. Watoto wakanyamaza. Baada ya hapo mawe yalikwisha.

Na Kukhu? Mwaka wa pili nilimkuta anamtengea vichwa vya omena kwenye kibakuli chake mwenyewe, anamwambia Bela kwa Kibukusu kwamba wao wawili miguu yao imeanza kufanana.

Koplo Mstaafu

Jumamosi imefika dada. Nasubiri bila haraka.

Binti wa Afande

Niko nyumbani. Nimemsomea uzi wote kuanzia juu, taa ya sola ikazima katikati tukamalizia kwa mwanga wa simu.

Kwanza amenisahihisha. Haikuwa foronya. Walimpa foronya, akaikataa, kwa sababu ilikuwa imeshikwa na mkamwana, na wajukuu, na kila mtu aliyetandika kile kitanda. Aliomba soksi iliyobaki ndani ya gambuti. Anasema niandike hivyo, mtu asije akamnusisha mbwa foronya. Pia sikio si seng'enge ya Subukia, ilikuwa Bahati. Na mzee yule hakumuuliza Bela habari za mbuzi, alimuuliza habari za kondoo.

Halafu swali lako, Koplo. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani usingizi umemchukua. Akasema:

"Nilimwambia kabla ya sindano. Nilikosea. Alilisikia lile neno akataka kuinuka, akaanza kuangalia huku na huku, mpira uko wapi. Miguu haimbebi. Ikabidi nimshike. Nikamwambia bado, kazi bado, lala. Akalala vizuri kabisa, kama zamani. Daktari akafanya. Alipotoa mkono ndipo nikamwambia mara ya pili."

Nikamuuliza mpira ulikuwa wapi. Akasema uko naye, chini ya mparachichi.

Akasema nikuandikie wewe Koplo kwamba mbwa wako alikula siku ya tatu. Wote hula siku ya tatu. Yeye aliwahi kuwa huyo mtu mpya, kabla ya Bela, akapewa mbwa wa mwenzake aliyehamishwa. Anasema alikaa naye sakafuni usiku wa pili, hakumgusa, alikaa tu. Asubuhi sahani ilikuwa tupu.

Kisha akaniuliza kama mvua ya jana iliingia kwenye lile sanduku. Nimelifungua nikatazama. Ni kavu.